Kumpima Sukari Paka Mgonjwa Nyumbani: Hukumu Yake na Namna ya Kufanya

Tunamshukuru Allah (S.W.), na tunamuombea rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

SWALI:

Assalaam alaykum sheikh wetu. Nyumbani tuna bibi mwenye kisukari, na paka wake wa miaka mingi naye amegundulika na ugonjwa huo huo. Daktari wa mifugo ametwambia adungwe insulini asubuhi na jioni, na tumpime sukari hapa hapa nyumbani. Kaka yetu mkubwa anasema huu ni ubadhirifu, na kumtoboa paka sikio kila siku ni kumtesa. Tena anauliza, hiyo insulini si ya nguruwe? Na je, tukimpima kwa mashine ya bibi kuna ubaya? Tunaomba mtufafanulie.

JIBU:

Waalaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Kwa ufupi, kumtibu paka huyu ni katika wema uliosisitizwa, na kwa mwenye uwezo si ubadhirifu. Kumtoboa kwa ajili ya kipimo si kumtesa. Ama kumdunga insulini bila ya kumpima ndiko kunakotutia khofu zaidi, kwani ni kubahatisha na uhai wa kiumbe aliye amana mikononi mwenu. Tutayaeleza haya moja baada ya jingine, pamoja na namna ya kupima kwenyewe, kwani hukumu bila ya maelezo ya kutenda haimfai mtu.

Haki ya paka aliye nyumbani kwako

Imepokewa katika Bukhari na Muslim khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachia akajitafutie mwenyewe, mpaka akafa. Imam An-Nawawi katika kuisherehesha Hadithi hii ametaja kuwa ndani yake mna dalili ya wajibu wa mwenye mnyama kumtunza. Kwa hiyo chakula na maji ni wajibu, si hisani.

Upande wa pili iko khabari ya Abu Qatada (R.A.), waliyoipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Alikuwa anataka kutawadha, paka akaja kunywa katika chombo, naye akakiinamisha ili anywe vizuri. Mkwe wake Kabsha alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Kiumbe wa namna hii, aliyezoea mkono wako na kulala kwenye jamvi lako, anapougua hafanywi mgeni.

Hapa lipo jambo la kuzinduana. Paka mwenye kisukari hunywa maji mengi na hukojoa sana, na mkojo wa paka ni najisi. Baadhi ya nyumba humnyima maji ili asichafue. Hili haliruhusiki. Maji yale anayatafuta kwa sababu mwili unayapoteza, na kumnyima ni kumkaribisha kwenye njia ile ile ya paka wa yule mwanamke. Mtengeeni pahala na beseni la mchanga, miswala iwekeni juu, na penye mkojo paoshwe.

Kisukari cha paka ni nini

Ugonjwa huu kwa paka unafanana sana na ule wa watu wazima wetu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, na insulini ndiyo inayoiingiza sukari kutoka kwenye damu mpaka ndani ya mwili. Insulini ikipungua, au mwili ukawa hauisikii, sukari hubakia kwenye damu na nyingine humwagika kwenye mkojo. Huwapata zaidi paka wenye umri mkubwa, walionenepa, na khasa madume waliohasiwa. Dalili zake ni kunywa na kukojoa sana, na kukonda ilhali anakula. Wengine miguu ya nyuma hulegea mpaka wakatembea kwa kukanyagia visigino. Wako waliotanabahi baada ya kuona sisimizi wamejaa pale paka alipokojoa.

Akitibiwa mapema, akadungwa vyema na akalishwa inavyotakiwa, wako paka ambao sukari yao hurudi sawa wakaacha sindano kabisa. Na hapo ndipo kipimo cha nyumbani kinapokuwa na kazi kubwa, kwani paka anayeanza kupona huku akiendelea kudungwa kipimo kile kile cha dawa anaweza kuuliwa na dawa yenyewe.

Kwa nini nyumbani na si kwa daktari tu

Paka ana khulka moja. Akishatiwa kwenye kikapu, akapandishwa gari na kuwekwa juu ya meza ya mtu asiyemjua, khofu peke yake huipandisha sukari yake. Paka mzima sukari yake ni baina ya 4 na 7 hivi, kwa hesabu ya milimoli kwa lita inayotumika kwenye mashine zetu. Lakini kwa khofu inaweza kupanda hata kupindukia 15. Daktari akiifuata namba ile ya khofu anaweza kuongeza dawa ambayo paka akirudi nyumbani na kutulia itamshusha mno. Namba iliyopatikana kwenye jamvi lake, mikononi mwa anaowajua, ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli.

Je, kumtoboa sikio ni kumtesa?

Maumivu yanayoharamishwa ni yale yasiyo na haja. Ama yenye maslaha, sharia imeyakubali kwa kiasi chake. Anas (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi mbili, kwamba alimkuta Mtume (S.A.W.) akiwatia alama kondoo, na mpokezi akataja kuwa ni masikioni mwao. Na imethibiti katika Muslim kukatazwa kutia alama usoni. Tukiyaweka mawili haya pamoja tunapata kwamba sikio la mnyama linaweza kuguswa kwa haja, na kwamba hata kwenye haja pana mipaka. Ikiwa alama ya kutambulisha mali imeruhusiwa, basi tone moja la damu kwa ajili ya kumponya mnyama mwenyewe lina haki zaidi ya kuruhusiwa.

Tukumbuke pia Hadithi ya Shaddad bin Aws (R.A.) katika Muslim, kuhusu wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, ambako tumeamrishwa kunoa kisu na kumpumzisha mnyama. Maana yake kwetu hapa ni nyepesi. Kisindano kiwe kipya na kikali kila mara. Kisindano kilichotumika huwa butu, na butu ndicho kinachouma.

Namna ya kupima

Mahitaji ni mashine ya kupimia sukari, stripu zake ambazo muda wake haujapita, visindano vya kutobolea, pamba, kitambaa cha uvuguvugu na daftari. Kisha:

1. Mkalishe paka mahali anapopapenda, pale pale kila siku. Mtu mmoja amshike kwa upole, mwengine apime. Siku mbili tatu za mwanzo mguseni masikio tu bila ya kumtoboa, azoee.

2. Lipashe sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika moja hivi, au kwa soksi iliyotiwa mchele na kupashwa moto kidogo. Jaribu kwanza joto lake kwenye mkono wako. Sikio la baridi halitoi damu.

3. Tia stripu kwenye mashine iwe tayari. Paka mafuta mazito ya kujipaka kidogo sana ukingoni mwa sikio, ili tone lijikusanye lisitawanyike kwenye manyoya.

4. Weka pamba nyuma ya sikio ili usijitoboe mwenyewe. Toboa karibu na ukingo wa nje, pembeni ya ule mshipa mwembamba unaopita hapo. Huna haja ya kuupiga mshipa wenyewe.

5. Tone likitoka, ligusishe ncha ya stripu. Stripu huifyonza damu yenyewe.

6. Bana pale kwa pamba kwa muda wa dakika moja, kisha mpe kitoweo kidogo anachokipenda, kama kipande cha samaki aliyechemshwa. Paka hujifunza haraka kuwa baada ya kipimo pana zawadi.

7. Andika tarehe, saa, namba, alichokula na kiasi cha insulini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila khabari, na uhai una haki zaidi ya kuwekewa daftari.

Mkikosa damu mara mbili, mwacheni apumzike kabla ya kujaribu tena. Msigombane naye.

Namba inasema nini

Kwa kawaida hupimwa kabla ya sindano ya asubuhi na ya jioni. Mpangilio ni kupima, kisha kumlisha, kisha kumdunga. Nyumba iliyoanza karibuni, ikiona namba kabla ya sindano iko chini ya 10 hivi, isimame na impigie daktari kabla ya kudunga. Vile vile ikiwa paka hataki kula au ametapika. Kukosa sindano moja hakumdhuru kama inavyoweza kumdhuru sindano iliyozidi.

Mara kwa mara daktari atataka kipimo cha siku nzima, yaani kabla ya sindano, kisha kila baada ya saa 2 mpaka sindano inayofuata baada ya saa 12. Hapo ataona dawa inaishusha sukari mpaka wapi na kwa muda gani. Linalotarajiwa ni namba ya chini kabisa ya siku ile iwe baina ya 4.5 na 8. Ikiwa chini ya hapo, dawa huenda imezidi. Ikiwa haishuki, pana jambo la kutazamwa. Kwa vyovyote vile, kubadilisha dawa ni kazi ya daktari. Imepokewa na Abu Dawud na wengineo kwamba anayejitia kutibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Kazi yenu nyinyi ni kuleta namba za kweli. Na msibabaike kwa namba moja, tazameni mwenendo wa siku kadhaa.

Mkitumia mashine ya watu badala ya iliyotengenezwa kwa wanyama, mwambieni daktari. Mashine za watu kwa kawaida husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka. Zinatumika, lakini iwe mashine ile ile moja kila siku ili namba zilinganike.

Sukari ikishuka mno

Hii ndiyo khatari ya haraka. Paka huwa dhaifu, hutetemeka, huyumba kama aliyelewa, hulia kwa sauti isiyo yake, na mwisho hupata kifafa na kuzimia. Namba chini ya 3.5 ni ya kuchukuliwa hatua. Ikiwa yuko macho na anakula, mpeni chakula papo hapo na mpimeni tena baada ya robo saa. Ikiwa ana dalili au hawezi kula, mpakeni asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole. Msimmiminie mdomoni, atapaliwa. Kisha apelekwe kwa daktari, hata kama ameinuka, kwani dawa bado imo mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Kichupa cha asali kikae pamoja na vifaa vyake siku zote, na kila mtu ndani ya nyumba akijue kilipo.

Insulini na suala la nguruwe

Swali la kaka yenu ni la msingi. Zamani insulini ilitolewa kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 ilipoanza kuruhusiwa insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa vijidudu maabara, nyingi zinazotumiwa na watu leo ni za namna hiyo. Katika zinazotumiwa kwa paka, insulini glajini, ambayo watu pia wanaitumia, na ile iitwayo ProZinc hazitokani na nguruwe. Caninsulin asili yake ni nguruwe.

Basi muulizeni daktari, na ikiwa ipo isiyotokana na nguruwe na inamfaa paka wenu, hiyo ndiyo ya kuchukua, ili mtoke kwenye ikhtilafu. Ikikosekana, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wameruhusu kwa binadamu kujitibu kwa najisi isiyokuwa ulevi pale kinapokosekana kilicho tohara, na mnyama ambaye hana taklifu hawezi kubanwa kuliko binadamu. Lakini msibadilishe aina ya insulini peke yenu. Glajini ya kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja, na ProZinc na Caninsulin zina yuniti 40. Kila moja ina bomba lake la sindano. Anayevuta dawa ya 100 kwa bomba la 40 humpa paka mara mbili na nusu ya alichoandikiwa.

Ama damu, ikikurukia nguoni tone dogo bila ya kukusudia, katika madhehebu yetu hilo limesamehewa na sala yako ni sahihi, na kuosha ni bora. Kumpima paka hakuvunji udhu wala saumu.

Mashine ya bibi na gharama

Hapa tunasema wazi kwamba haki ya bibi inatangulia. Stripu zikiwa kumi na bibi anazihitaji kumi, paka hana fungu humo. Ikiwa zinatosha na bibi ameridhia, mashine inaweza kutumika kwa wote wawili, lakini visindano na kalamu ya kutobolea visichanganywe abadan, na mashine ifutwe kila mara. Bora zaidi paka awe na yake. Na insulini ya bibi isiguswe kwa ajili ya paka bila ya maelekezo ya daktari, hata kama jina ni lile lile.

Ama ubadhirifu, huo ni kutumia mali pasipo pahala pake, au kumtangulizia paka kabla ya ada za skuli za watoto na dawa za wazazi. Mwenye kutoa katika ziada yake kwa ajili ya kiumbe anayetaabika yuko mbali na ubadhirifu. Tumebashiriwa katika Hadithi sahihi kuwa kumtendea wema kila kilicho hai kuna malipo, pale Mtume (S.A.W.) alipoeleza khabari ya mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Chakula nacho kinaweza kupunguza gharama. Wali, ugali na mkate humpandishia paka sukari. Mwili wake umeumbiwa nyama na samaki. Mpeni samaki na dagaa wasio na chumvi, waliopikwa, pamoja na nyama au kuku. Lakini akiwa tayari yuko kwenye insulini, mwambieni daktari kabla ya kuondoa wali, kwani chakula kikibadilika dawa nayo huenda ikatakiwa ipungue.

Ramadhani, joto na umeme

Paka hafungi, na saa zake za sindano hazihamishwi kwa ajili ya daku wala futari. Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni zinafaa kwa nyumba nyingi, lakini jioni ya Ramadhani saa 12 ndipo jiko limepamba moto na adhana inasubiriwa. Mkabidhini kazi hii kijana mmoja mwenye utulivu, iwe dhamana yake mwezi mzima.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, isigande. Wengi wetu tunakumbuka Unguja ilivyokaa gizani mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, chupa ifungwe ndani ya mfuko usioingiza maji na iwekwe ndani ya mtungi wa udongo unaotoka jasho, mahali pa kivuli penye upepo. Iliyopigwa na jua au kuganda haitumiki tena.

Visindano vilivyotumika vitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na vipelekwe kituo cha afya. Visitupwe jaani wanakocheza watoto. Kumhurumia paka huku tukimchoma mtoto wa jirani si wema.

Kwa asiyeweza

Surat Al-Baqara, aya ya 286, imetufundisha kuwa mtu hakalifishwi zaidi ya uwezo wake. Asiyemudu insulini wala stripu hana dhambi, maadamu hamnyimi paka chakula na maji. Ampunguzie wali, ampe maji ya kutosha, na akimpata jamaa mwenye uwezo anayemtaka, amkabidhi. Lisilojuzu ni kumtia kwenye polo na kwenda kumtupa marikiti akafe mbali na macho yetu. Ikifika hali ya mateso yasiyo na tamaa ya kupona, wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana. Wako walioruhusu apumzishwe kwa njia isiyo na maumivu, na wako waliozuia. Hapo aulizwe daktari muadilifu kwanza juu ya hali ya paka mwenyewe.

Na kwa kaka yenu tunasema, shaka yake aliyoileta ni ya mtu anayechunga dini na mali ya nyumba, basi asibezwe. Ashirikishwe. Akabidhiwe daftari la namba na aitunze hesabu ya stripu, ili haki ya bibi isipunguzwe na ya paka isisahauliwe.

Tunamuomba Allah (S.W.) ampe afya bibi yenu, amponye kiumbe wake huyu, na atujaalie kuwa katika wanaohurumia ili tuhurumiwe. Amin.

Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.